Permi ya kununua haivuki Kasumbalesa

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90. Shofere anatoka mjini akifuata mkono wa kuume wa barabara. Akishavuka kizuizi na kuingia Zambia, anatakiwa kufuata mkono wa kushoto. Kwa shofere wa kamyo anayekwenda na kurudi, hilo ni jambo la kawaida kama kubadilisha faranga kuwa kwacha. Kwa mtu anayehama na watoto wake, akitafuta kazi au akikimbia vita, ni mwanzo wa maswali mengi, na swali moja linamkuta mapema: permi aliyopata Kongo ina thamani gani huku?

Swali hilo si dogo. Mtu aliyelisha jamaa yake kwa usukani miaka 20 anaweza kufika Kitwe, Kampala au mji mmoja wa Marekani, na hana kazi nyingine anayoijua. Mikono yake ni mizima, macho yake ni mazima, lakini mbele ya sheria ya inchi ile yeye ni mtu asiyejua kuendesha mpaka aonyeshe karatasi. Karatasi ikikataliwa, chakula cha nyumba kimekataliwa pamoja nayo.

Katika parkingi za Lubumbashi jibu linatoka haraka: "Tafuta mtu." Tafuta mtu wa kukutengenezea, tafuta mtu wa kukupitisha, tafuta mtu mwenye mtu. Jibu hilo ndilo linalowaponza mashofere wa Kongo ugenini. Permi ni ushahidi kwamba mtu alipimwa na akaweza. Kama hakuna aliyempima, hakuna ushahidi, na inchi ya kigeni haina sababu ya kuamini picha na muhuri. Thamani ya permi huko mbali inaamuliwa hapa nyumbani, siku mtu anapofanya mtihani au anapoukwepa.

Mkono unajua usukani, jicho halijui barabara

Kongo ina majirani tisa. Sita kati yao, yaani Angola, Kongo-Brazzaville, Afrika ya Kati, Sudani Kusini, Rwanda na Burundi, wanaendesha mkono wa kuume kama Kongo. Watatu wanaendesha mkono wa kushoto: Uganda, Tanzania na Zambia. Ni bahati mbaya ya ramani kwamba hao watatu ndio walio kwenye njia kubwa za mashariki na kusini. Mtu wa Haut-Katanga akitoka kwa barabara, mara nyingi anaangukia Zambia. Hata katika jumuiya ya SADC, yenye inchi 16, ni Kongo, Angola, Madagascar na Komoro tu zinazofuata mkono wa kuume.

Wako watakaosema kwamba shofere wa Lubumbashi hana shida, kwa sababu tayari amezoea magari ya usukani wa kuume yanayotoka Japani na kupitia bandari za Afrika ya kusini na mashariki. Serikali imewahi kuyakataza, lakini mjini bado yanaonekana. Ni kweli kwamba mikono yake inaujua usukani ule. Ila barabara yenyewe haijui. Lubumbashi, mwenye gari kama hilo akitaka kupita kamyo iliyo mbele haoni vizuri magari yanayokuja. Mara nyingine anamtegemea abiria aliyekaa upande wa kushoto amwambie kama njia ni wazi. Hiyo ni tabia aliyojifunza kwa sababu gari na barabara havikupatana. Akifika Chingola, gari na barabara vinapatana, na sasa ni yeye asiyepatana navyo.

Mfano mzuri ni mzunguko wa barabara. Kongo magari yanauzunguka kwa upande mmoja, Zambia kwa upande mwingine. Anayeingia kwenye mzunguko Zambia anamwachia njia yule anayetoka mkono wake wa kuume. Shofere wa Kongo naye anajua kanuni ya kumpa nafasi anayetoka kuume, lakini aliijifunza akiwa upande mwingine wa barabara. Neno ni lile lile, hatari inatoka mahali pengine. Hata mtembea kwa miguu anakosea: mtoto aliyefundishwa Katuba kuangalia kwanza kushoto kabla ya kuvuka, Ndola anapaswa kuangalia kwanza kuume.

Kwa hiyo inchi ya kigeni ikisema "tutakupima tena," si dharau. Ni haki ya watu wanaotembea kwenye barabara zake, na kati ya watu hao wamo watoto wa Wakongomani wenyewe. Malalamiko ya kweli yako mahali pengine: pale ambapo mtu anataka kupimwa na hapati mlango wa kuingilia.

Kile ambacho permi inasema, na kile isichosema

Kuna vitu vitatu vinavyochanganywa sana, na wadanganyifu wanaishi juu ya mchanganyiko huo.

Cha kwanza ni permi ya taifa. Katika Kongo inatolewa na tume ya taifa inayojulikana kwa jina la CONADEP, iliyo chini ya wizara ya uchukuzi, na sheria kubwa ya barabara ni ile ya tarehe 30 Agosti 1978. Permi hiyo inasema kwamba mwenye jina hili aliruhusiwa na Kongo kuendesha aina fulani za magari. Aliyepewa ruhusa ya gari dogo hakuruhusiwa kuendesha kamyo, hata kama kila siku polisi wa rulaji wanamwacha apite.

Cha pili ni permi ya kimataifa. Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, iliingia mwaka 1977 katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu mwendo wa barabarani. Mkataba huo unaeleza permi ya kimataifa ni nini: karatasi inayotegemea permi ya taifa na kuisomesha kwa lugha nyingine. Haisimami peke yake. Inatolewa na inchi ambako mtu alipata permi yake ya taifa, na haiwezi kuzidi miaka mitatu. Zaidi ya hapo, mkataba ule unahusu zaidi mpita njia. Mtu akihamisha makao yake ya kawaida kwenda inchi nyingine, inchi hiyo hailazimiki kuendelea kuikubali permi aliyokuja nayo. Inaweza kumwambia abadilishe au afanye mtihani. Kwa hiyo anayeuza kwenye simu "permi ya kimataifa ya miaka kumi, bila mtihani, kwa inchi zote," anauza karatasi tupu. Mnunuzi anapoteza dola zake, na siku ya ajali anapoteza zaidi.

Cha tatu ni kadi ya njano ya COMESA, ambayo mashofere wa Kasumbalesa wanaijua sana. Hiyo ni bima ya gari kwa kupita katika inchi zilizoingia katika mpango huo. Haisemi lolote kuhusu uwezo wa shofere. Gari linaweza kuwa na bima na anayeliendesha asiwe na ruhusa. Hapo bima yenyewe inaweza kuwa na sababu ya kukataa kulipa.

Vitu hivi vitatu vikitenganishwa, jambo linakuwa wazi. Hakuna karatasi ya ajabu inayofungua inchi zote. Kuna permi ya nyumbani, iliyopatikana kwa haki, na kuna mtihani wa inchi unapoishi. Vingine vyote vinasaidia tu.

Deni la nyumbani

Kila mtu anayeishi Lubumbashi anajua hadithi ya permi iliyokuja bila mwenyewe kukaa nyuma ya usukani mbele ya mpimaji. Inasimuliwa kwa kucheka, kama hadithi ya mtu mwerevu. Anayeisimulia anasema shule ya udereva ni gharama, siku za kungoja ni nyingi, na mtoto anataka kula leo. Kuna ukweli katika maneno hayo. Mtu anayebeba abiria kwa taksi-busi kutoka Ruashi, au manseba wa pikipiki anayelala na deni la mwenye pikipiki, hana wiki mbili za kukaa darasani bila kupata kitu.

Lakini gharama inayokwepwa siku hiyo hailiwi na upepo. Abiria wanailipa kwa damu kwenye barabara ya Likasi. Mashofere wazuri nao wanailipa, wale waliojifunza kweli, kwa sababu mbele ya mgeni permi zao zinafanana na zile za kununua. Ofisa wa inchi nyingine hana njia ya kutenganisha. Ameona mbili za uongo, ya tatu anaiweka pembeni hata kama ni ya kweli. Hivyo mwenye kununua permi amemwibia jirani yake aliyefanya mtihani.

Angalia kazi ya kamyo. Shaba na kobalti ya Katanga zinatoka kwenda Durban, Dar es Salaam na bandari nyingine. Kwa miaka mingi mashofere Wakongomani wamelalamika kwamba usukani wa makamyo hayo uko zaidi mikononi mwa wageni. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Mali inatoka kwenye udongo wa Kongo, na vijana wa Kongo wanaangalia makamyo yakipita. Hata hivyo mwenye kampuni anayepeleka mzigo mpaka baharini anauliza jambo moja tu: huyu mtu atasimamishwa na polisi wa inchi ngapi, na karatasi yake itaaminiwa na wangapi? Kupiga kelele kizuizini hakujibu swali hilo. Linajibiwa na permi ambayo nyuma yake kuna mtihani mgumu na daftari linaloweza kuulizwa.

Neno daftari ni muhimu. Permi yenye picha nzuri na alama za vidole haitoshi kama ofisa wa Lusaka au wa Dar es Salaam hawezi kuuliza Kinshasa, "namba hii ni ya nani?" na kupata jibu haraka. Kongo iko ndani ya SADC tangu 1997, na mwaka 2022 iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Inchi za SADC zilitia sahihi tangu 1996, huko Maseru, itifaki ya uchukuzi inayotaka sheria na karatasi za barabara zilingane. Viongozi wanapenda kuzungumza juu ya soko moja. Shofere anawauliza kitu kidogo zaidi: namba yake ijibiwe.

Mkimbizi hawezi kurudi kwa biro alilolikimbia

Mpaka hapa habari ni ya mtu aliyehama kwa hiari yake. Kwa mkimbizi mambo ni tofauti.

Kuanzia Agosti 2017, maelfu ya watu wa Haut-Katanga na Tanganyika walivuka kuingia mkoa wa Luapula, Zambia, wakikimbia mapigano. Walipokelewa Kenani, katika wilaya ya Nchelenge, kisha mwaka 2018 makao ya Mantapala yakafunguliwa. Kati ya watu waliokimbia namna hiyo, mmoja anatoka na mtoto mgongoni, mwingine na sufuria, mwingine na dosie ya karatasi ndani ya plastiki, na mwingine na nguo za mwilini tu. Shofere aliyeacha permi yake Pweto ndani ya nyumba iliyochomwa anaambiwa na ofisa: "Lete barua kutoka inchi yako kuthibitisha kwamba ulikuwa na permi." Anawezaje? Barabara imefungwa, na kumwomba msaada mwenye mamlaka unayemwogopa ni kujipeleka mikononi mwake.

Sheria ya kimataifa ililiona jambo hili zamani. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 25, unasema kwa maana hii: pale ambapo haki ya mkimbizi ingehitaji msaada wa serikali ya inchi yake, na yeye hawezi kuiendea, inchi inayompokea inapaswa kupanga apate msaada huo, kwa mamlaka yake yenyewe au kwa mamlaka ya kimataifa. Karatasi zitakazotolewa kwa njia hiyo zinasimama mahali pa zile za inchi yake, na zinaaminiwa mpaka mtu aonyeshe kwamba si kweli. Malipo yake yawe ya kiasi. Kongo iliingia katika mkataba huo mwaka 1965, Zambia mwaka 1969. Kifungu hicho hakitaji permi kwa jina, na wala hakisemi mkimbizi asamehewe mtihani. Kinasema tu kwamba ukosefu wa barua ya nyumbani usiwe ukuta wa mwisho.

Zambia, ilipouingia mkataba, ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kuishi. Kwa hiyo anayeishi Mantapala au Meheba hawezi kuamka asubuhi akaenda mjini kama mtu mwingine. Anahitaji ruhusa ya kutoka. Shofere wa namna hiyo ana vizuizi viwili, cha makao na cha permi. Njia rahisi ingekuwa kuwapeleka wapimaji karibu na makao mara chache kwa mwaka. Mwenye uwezo apite, asiye na uwezo ashindwe kama mwananchi anavyoshindwa. Kamyo linalobeba mahindi ya mkulima mkimbizi mpaka sokoni linahitaji shofere, na mkulima wa Zambia jirani yake analihitaji pia.

Kinachodaiwa Lusaka lazima kidaiwe Lubumbashi pia. Kongo nayo inapokea wakimbizi: Warundi, Wanyarwanda, Waangola, watu wa Afrika ya Kati. Sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 inawapa hali yao, na kuna tume ya taifa ya wakimbizi, CNR. Mrundi anayeishi Kampemba akitaka kuendesha taksi kwa haki, je, mlango wake uko wazi zaidi kuliko ule wa Mkongomani aliye Zambia? Inchi isiyompima mgeni wake kwa haki haina sauti ya kuomba wana wake wapimwe kwa haki ugenini.

Mhami wa ndani naye anaulizwa

Familia zilizofika Lubumbashi kutoka Goma na Bukavu, miji iliyochukuliwa na M23 Januari na Februari 2025, haziko inchi ya kigeni. Ziko Kongo, katika inchi yao. Hata hivyo shofere wa Goma aliyepoteza mfuko wake njiani anaweza kujisikia mgeni mbele ya dirisha la biro. Akiambiwa arudi alikoandikishwa, ameambiwa arudi vitani.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wahami wa ndani, za mwaka 1998, zinasema wazi katika kanuni ya 20 kwamba serikali inapaswa kuwapa wahami karatasi wanazohitaji, au kuwatolea tena zilizopotea, bila masharti yasiyo na akili kama kuwataka warudi makwao kwanza. Permi ya Kongo ni ya taifa. Haikuandikwa kwamba ni ya Goma. Kama daftari ni moja kwa inchi nzima, basi jina la shofere wa Goma linapaswa kuonekana Lubumbashi, na karatasi ya pili itolewe kwa bei ya kawaida. Kama halionekani, basi daftari la taifa bado ni jina tu.

Wenyeji nao wana sehemu yao. Mwenye gari wa Katuba anayekataa kumpa kazi mhami kwa sababu "hatujui huyu ametoka wapi" angefanya vizuri zaidi kumpa nusu saa ya kuendesha na kuona. Na polisi wa rulaji anayemsimamisha mtu anayesema Kiswahili cha Kivu na kumwomba zaidi kwa sababu hana ndugu mjini, huyo hasaidii usalama wa barabara hata kidogo.

Mtihani kwa lugha ambayo mtu anaielewa

Jamaa nyingi za Lubumbashi zina ndugu Marekani. Katika miaka ya karibuni Wakongomani walikuwa kati ya makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa huko, mpaka mpango huo uliposimamishwa Januari 2025. Waliofika wanaeleza jambo linalowashangaza watu wa nyumbani: katika miji mingi, mtu asiye na gari ni kama amefungwa. Kiwanda kiko mbali, basi ni chache au hakuna, duka la chakula liko upande mwingine wa barabara kuu. Mama aliyezoea kusimama Kenya na kupanda taksi-busi wakati wowote, akiwa na umri wa miaka 45, anapaswa kujifunza usukani kwa mara ya kwanza.

Huko permi inatolewa na kila jimbo kwa sheria zake. Kwa kawaida kuna mtihani wa kanuni na alama za barabarani kwanza, kisha mtihani wa kuendesha na mpimaji kando. Majimbo kadhaa yanatoa ule wa kwanza kwa Kiswahili. Hilo linafaa kusifiwa, na linafaa kuigwa. Mtihani wa kanuni unapima kama mtu anajua nani ana haki ya kupita, mwendo unaoruhusiwa na maana ya taa. Mama anayejibu vizuri kwa Kiswahili anajua kanuni hizo sawa na anayejibu kwa Kiingereza. Ataendelea kujifunza lugha ya inchi, na lazima ajifunze kusoma vibao, lakini asizuiwe kwenda kazini kwa sababu ya maneno ya kitabu. Kwa kamyo kubwa ni tofauti: sheria ya taifa ya Marekani inamtaka shofere ajue Kiingereza cha kutosha, na anayefikiria kazi hiyo aanze na lugha kabla ya kuanza na usukani.

Ni vizuri Kongo pia ijiangalie hapo. Sheria yake ya barabara imeandikwa Kifaransa. Mashofere wengi wa Haut-Katanga wanaongea Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kijana wa Ruashi aliyeacha shule mapema akiweka mguu mbele ya mtihani wa Kifaransa ana njia mbili: kushindwa au kutafuta "mtu." Kitabu cha kanuni kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za taifa kingeua biashara ya yule "mtu" kuliko operesheni kumi za polisi barabarani.

Cha kufanya kabla ya mambo kuharibika

Wakati viongozi wanangojewa, kuna mambo madogo ambayo familia yoyote inaweza kufanya leo. Mwenye permi apige picha ya pande zote mbili na amtumie ndugu anayeishi mji mwingine. Namba, tarehe na aina za magari ziandikwe pia kwenye daftari la nyumbani. Anayehama kwa hiari aombe, kabla ya kuondoka, karatasi ya kuthibitisha permi yake, na aitafsirishe kwa mtu anayetambuliwa na sheria. Nakala ziende kwa anayeziomba. Permi yenyewe asimwachie mtu asiye na cheo wala risiti.

Akifika, aulize kwanza ofisi inayohusika na permi katika inchi ile. Zambia inaitwa RTSA. Mkimbizi aanzie kwa ofisi ya wakimbizi inayoshika dosie yake, kwa sababu bila karatasi ya kukaa hakuna mlango mwingine utakaofunguka. Asiendeshe kwa matumaini kwamba hataulizwa. Mwananchi akikamatwa bila permi analipa faini. Mgeni anaweza kulipa kwa haki yake ya kukaa. Na wiki chache za kukaa kiti cha abiria, akiangalia jinsi wengine wanavyoingia kwenye mzunguko, zina faida hata kwa mzee wa miaka 30 barabarani.

Kwa upande wa serikali, madai ni machache na yanaeleweka. Mtihani ufanyike kweli, kwa lugha ambayo watu wanaielewa, kwa bei iliyobandikwa ukutani. Daftari la taifa liwe moja, na lijibu Lubumbashi kama linavyojibu Kinshasa, na lijibu Lusaka pia. Mhami na mkimbizi wapimwe mahali walipo.

Shofere wa Haut-Katanga haogopi kupimwa. Ameendesha kwenye vumbi, kwenye matope ya Januari, nyuma ya makamyo yasiyo na taa. Anachohitaji ni mtihani unaompima yeye, na karatasi ambayo mtu wa upande wa pili wa kizuizi anaweza kuisoma na kuiamini. Serikali ikimpa hiyo, atavuka Kasumbalesa na kazi yake mkononi. Ikiendelea kumwachia "mtu" wa parkingi, permi yake itaishia kwenye kizuizi, na watoto wake watakuwa tayari upande wa pili wakimngoja.